Kura Yangu Ilikwama Kwenye Bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wenye uraia wa Marekani, wale wanaoishi huku pamoja na wale waliorejea Afrika Mashariki, kuhusu kura ya posta: namna inavyoombwa, inavyojazwa na inavyorudishwa. Mimi si mwanasheria. Ni dereva wa malori ya masafa marefu, na ninaandika kwa sababu katika uchaguzi wa Novemba 2022 kura yangu ilifika ofisini kabla ya siku yenyewe, karatasi ikiwa imejazwa sawasawa, na hata hivyo haikuhesabiwa.

Kilichoikwamisha ni sahihi. Nilipopata leseni ya udereva, mwaka wa kwanza nilipofika nchini, nilitia sahihi kwa majina yangu yote matatu, herufi baada ya herufi, kama nilivyofundishwa shule ya msingi. Tangu hapo nimetia sahihi hati za mizigo kila siku ya kazi, nikiwa na haraka, mpaka majina yale matatu yamegeuka mkunjo mmoja wa wino ambao nadhani ni mke wangu tu anayeweza kuutambua. Karani aliyelinganisha bahasha yangu na sahihi iliyomo kwenye kumbukumbu aliona watu wawili tofauti, na kwa kanuni anazozifuata siwezi kumlaumu. Aliniandikia barua kunitaka nithibitishe kwamba bahasha ni yangu. Barua hiyo ilikaa sandukuni siku tisa nikiwa njiani, na niliporudi muda wa kusahihisha kasoro ulikuwa umekwisha. Niliumia sana, maana ulikuwa uchaguzi wangu wa kwanza tangu niape kuwa raia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wenzangu, madereva na wauguzi wa zamu za usiku, na nimegundua kwamba wengi wetu tunaidhania kura ya posta kuwa barua ya kawaida, ambayo ukishaitia kwenye sanduku la posta kazi yako imekwisha. Kumbe ni shughuli yenye hatua mbili zinazojitegemea, kuomba na kurudisha, kila hatua ina tarehe yake ya mwisho, na katika zote mbili sahihi yako au namba ya kitambulisho chako ndiyo inayosimama mahali pa uso wako.

Kabla sijafika huko, sina budi kusema neno moja juu ya uraia, kwa kuwa kosa hapa haliishii kwenye kura kukataliwa. Mwenye grini kadi hapigi kura katika uchaguzi wa shirikisho, hata kama ameishi Marekani miaka thelathini na kulipa kodi yote. Sheria ya mwaka 1996 imelifanya hilo kuwa jinai, na mtu anaweza kuondolewa nchini kwa sababu yake. Sheria nyingine, ya mwaka 1993, inazitaka ofisi za leseni za udereva katika karibu majimbo yote kutoa nafasi ya kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo swali hilo linaweza kukukuta dirishani wakati umekwenda kwa ajili ya leseni tu. Kama bado hujala kiapo cha uraia, jibu ni hapana, na fomu usiitie sahihi kabla hujaelewa kila kisanduku kilichowekwa alama.

Kwa aliye raia, jambo la kwanza kuelewa ni kwamba Marekani haina tume moja ya uchaguzi inayotuma karatasi za kura kwa nchi nzima, kama tulivyozoea kwetu. Kila jimbo lina sheria zake, na kazi yenyewe hufanywa na maofisa wa kaunti au wa mji. Ndiyo maana ushauri wa shemeji yako aliyeko jimbo jingine, hata akiwa na nia njema, unaweza kukupotosha kabisa. Oregon, ambako wananchi waliamua kwa kura mwaka 1998 kwamba uchaguzi uendeshwe kwa posta, humtumia karatasi kila mpiga kura ambaye uandikishaji wake bado unatumika katika daftari bila yeye kuiomba; Washington na Colorado hufanya vivyo hivyo. Katika majimbo kama Ohio, Michigan, Pennsylvania na Georgia lazima uombe, lakini huulizwi sababu. Kisha yako majimbo ambayo unaomba na pia unatoa sababu inayokubaliwa na sheria.

Kwa hayo ya mwisho, soma orodha ya sababu neno kwa neno. Texas inamkubalia mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, mgonjwa au mwenye ulemavu, mama anayetarajia kujifungua karibu na siku ya uchaguzi, na mtu atakayekuwa nje ya kaunti yake siku ya uchaguzi na pia katika kipindi cha kupiga kura mapema. Kuwa kazini tu, ndani ya kaunti hiyo hiyo, si sababu. Mwuguzi anayefanya zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili mjini Houston anatakiwa kutumia siku za kupiga kura mapema kituoni. Tennessee, kwa upande wake, inawataja waziwazi madereva wenye leseni ya magari ya biashara ambao watakuwa kazini nje ya kaunti au nje ya jimbo. Nimekutana na madereva wenzangu wa huko wasiojua kwamba sheria imewakumbuka.

Kuomba kwenyewe si kugumu. Fomu hutolewa na ofisi ya uchaguzi ya jimbo au ya kaunti, na majimbo kadhaa yanakuruhusu kuomba kwa tovuti. Utaandika jina kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura, tarehe ya kuzaliwa, anwani uliyojiandikisha nayo, anwani unayotaka karatasi itumwe kama ni tofauti, uchaguzi unaouombea, na mara nyingi namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security). Hapo kwenye jina ndipo watu wetu wanapojikwaa. Majina matatu tuliyokuja nayo hupangwa upya kila ofisi inapoyagusa: jina la babu huwa jina la ukoo, jina la baba huwa la katikati, na anayeandikwa Juma Said Mwinyi kwenye cheti cha uraia anaweza kukuta daftari linamjua kama Juma Mwinyi tu. Tazama daftari kwanza, kwenye tovuti ya jimbo lako, nawe ujaze kama lilivyo. Kama daftari limekosea, lisahihishe kabla ya kuomba kura.

Zingatia pia kwamba katika majimbo mengi ombi moja ni la uchaguzi mmoja. Aliyeomba kwa ajili ya mchujo wa vyama asidhani ameomba na kwa Novemba, labda kama fomu ilimpa nafasi ya kuchagua yote mawili. Yapo majimbo yenye orodha ya kudumu, Michigan ikiwa mojawapo, ambako ukishaandikwa unaendelea kutumiwa karatasi. Lakini ukihama bila kutoa taarifa, karatasi itaifuata nyumba uliyoiacha.

Sasa tarehe. Uchaguzi mkuu wa shirikisho hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na ule wa mwaka 2026, wa Baraza la Wawakilishi lote na takriban theluthi moja ya Seneti, unaangukia tarehe 3 Novemba. Texas hutaka ombi liwe limefika ofisini siku ya kumi na moja kabla ya uchaguzi, na neno kubwa hapo ni kufika, si kutumwa. Ohio na Pennsylvania huweka mpaka wiki moja kabla. Lakini mwenye busara hasubiri mpaka huo, kwa sababu mtu akiomba siku ya mwisho, karatasi inabidi isafiri hadi kwake, ijazwe na irudi, yote ndani ya siku saba, na Shirika la Posta lenyewe hushauri kura itumwe angalau wiki moja kabla ya siku inayotakiwa kufika. Hesabu hiyo haitoshi. Mimi sasa huomba mara tu dirisha la maombi linapofunguliwa.

Karatasi ikifika, itakuwa na maelekezo, na maelekezo hayo yasomwe hata kama yanachosha. Tumia wino mweusi au wa bluu. Jaza duara lote pale panapotakiwa kujazwa, usiweke alama ya vema wala ya msalaba kwa mazoea ya nyumbani. Ukikosea, usifute wala usiandike maelezo pembeni. Piga simu ofisini uombe karatasi nyingine. Hayo ni mepesi, na sijamwona mtu aliyeshindwa hapo.

Kwenye bahasha ndiko kwenye matatizo. Pennsylvania hutuma bahasha mbili: ya ndani isiyo na jina lako, ambayo ndiyo inayotunza siri ya kura, na ya nje yenye tamko unalotia sahihi na tarehe. Ukiitia karatasi moja kwa moja kwenye bahasha ya nje, kura hiyo haihesabiwi. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua hivyo mwaka 2020. North Carolina hutaka mashahidi wawili au notari, yaani ofisa aliyeidhinishwa kushuhudia sahihi, pamoja na nakala ya kitambulisho chenye picha. Wisconsin hutaka shahidi mmoja, tena aandike na anwani yake, na si sahihi peke yake. Texas, tangu sheria ya mwaka 2021, hutaka namba ya kitambulisho kwenye fomu ya maombi na tena kwenye bahasha, chini ya ukingo unaofunikwa na gundi, na namba hiyo lazima ilingane na ile iliyomo kwenye kumbukumbu zako. Katika mchujo wa Machi 2022, wa kwanza mkubwa chini ya sheria hiyo, kura za posta zaidi ya 24,000 zilikataliwa huko Texas, nyingi kwa sababu ya namba tu. Kwa hiyo huko andika zote mbili, ya leseni na tarakimu nne za Hifadhi ya Jamii, maana hukumbuki uliandikishwa kwa ipi.

Na sahihi, ambayo ndiyo iliyonigharimu mimi: tia sahihi kama ulivyoitia kwenye leseni au kwenye fomu ya kujiandikisha. Itoe leseni mfukoni, iweke mezani, uitazame. Kama mkono wako umebadilika kiasi kwamba huwezi tena kuiandika ile ya zamani, jiandikishe upya ili kumbukumbu zipate sahihi ya leo. Mume na mke wasitie karatasi zao katika bahasha moja, wala wasibadilishane bahasha, kwa kuwa kila bahasha imebeba jina la mtu mmoja na msimbo wake.

Hapa naomba niseme jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Katika familia zetu mkubwa wa nyumba amezoea kushughulikia makaratasi yote, ya shule, ya bima na ya kodi, na nimeona kwa macho yangu bahasha za watu wanne wa nyumba moja zikijazwa na mkono mmoja. Hata kama wote wameridhia, kumtilia mwenzako sahihi ni kosa la jinai. Mke ana kura yake, na bibi aliyeapa uraia akiwa na miaka sabini ana kura yake, na hakuna heshima inayopungua mtu akiijaza mwenyewe. Vilevile, mzee wa jumuiya anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya bahasha ili azipeleke kwa pamoja, akidhani anawasaidia watu, anaweza kujitia matatani, kwa maana majimbo mengi yameweka mipaka juu ya nani anaruhusiwa kubeba kura ya mwingine, na baadhi yanamruhusu ndugu wa karibu tu.

Kusaidiwa kusoma ni jambo jingine, na hapo sheria iko upande wetu. Kiswahili hakimo katika lugha ambazo sheria ya shirikisho inazilazimisha kaunti kuzitafsiria, kwani kifungu hicho kinawahusu wenye asili ya lugha ya Kihispania, Waasia na wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska. Lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, asiyeona au mwenye ulemavu, haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ilimradi mtu huyo asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi husoma na kuandika anachoambiwa, hachagui, na mara nyingi hutakiwa kuandika jina lake kwenye bahasha.

Kurudisha kuna njia tatu: posta, sanduku rasmi la kudondoshea kura pale jimbo linaporuhusu, au mkononi kwenye ofisi ya uchaguzi. Katika majimbo mengi kura lazima iwe imefika vituo vinapofungwa siku ya uchaguzi. Machache yanakubali iliyogongwa muhuri wa posta kwa wakati ikafika baadaye, ila sheria hizo zimekuwa zikibadilishwa, na Ohio imeufuta muda wa ziada iliokuwa nao. Usiutegemee muhuri. Bahasha uliyoitia sandukuni jioni inaweza kugongwa tarehe ya kesho au ya kesho kutwa, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kwenye vituo vikubwa vya kuchambulia barua. Zikibaki siku chache, ipeleke mwenyewe. Na kama uliomba karatasi kisha ukaamua kwenda kituoni, nenda nayo uikabidhi. Usipokuwa nayo, huenda ukapewa kura ya masharti, ambayo huhesabiwa baada ya ofisi kuhakikisha kwamba hukupiga mara mbili.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kura za posta hufunguliwa tu pale wagombea wanapokaribiana. Si kweli. Kila kura ya posta iliyokubaliwa huhesabiwa, hata mshindi awe ameshinda kwa mbali kiasi gani.

Kwa wasomaji walioko Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, njia ni tofauti na kwa kweli ni nyepesi kuliko yetu. Sheria ya mwaka 1986 inamlinda raia aliye nje ya nchi: hupiga kura kupitia jimbo alilokaa mwisho kabla ya kuondoka, hata kama hana tena nyumba huko wala nia ya kurudi. Ipo fomu moja ya shirikisho inayojulikana kwa kifupi kama FPCA, inayopatikana kwenye tovuti ya fvap.gov, ambayo kwa wakati mmoja inakuandikisha na kukuombea karatasi za mwaka huo. Ijaze kila mwaka, Januari ikiwezekana. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 yanazitaka ofisi kutuma karatasi za kura siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, ambazo kwa mwaka 2026 ni tarehe 19 Septemba, na ukichagua kutumiwa kwa njia ya elektroniki hutaisubiri posta. Majimbo mengine hukubali pia kurudishiwa kwa barua pepe au faksi, mengine hutaka karatasi yenyewe. Balozi za Marekani hupokea bahasha za kura na kuzisafirisha, ila ziwahishwe wiki kadhaa kabla. Karatasi isipofika wakati umebaki mdogo, iko kura ya akiba iitwayo FWAB, unayoichapisha na kuandika majina ya wagombea kwa mkono. Ya kawaida ikija baadaye, ijaze na kuituma pia, na ofisi itahesabu moja tu.

Kwa waliotoka Tanzania hili lina uzito wa pekee. Kenya inatambua uraia pacha tangu Katiba ya mwaka 2010, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa nao, hivyo aliyeapa huku akarudi kuishi Tanga au Moshi hana kura nyingine duniani isipokuwa hii inayosafiri kwa bahasha.

Jambo la mwisho ndilo ambalo mimi sikulifanya. Majimbo mengi yana ukurasa wa kufuatilia kura, unaokuonyesha ombi limepokelewa lini, karatasi imetumwa lini, bahasha imefika lini, na kama imekubaliwa. Mengi pia yana utaratibu wa kusahihisha kasoro ya sahihi, lakini siku zake ni chache na hutofautiana. Andika namba ya simu na barua pepe kwenye bahasha pale panapoombwa, hata kama ni hiari. Laiti ningeandika yangu mwaka ule, karani angenipigia nikiwa barabarani badala ya kuniandikia barua iliyonisubiri nyumbani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ifikapo Agosti uchapishe katika gazeti, kwa Kiswahili, tarehe za mwisho za kuomba na za kurudisha kwa majimbo ambako wasomaji wako wengi wanaishi, zikiwa zimethibitishwa na ofisi za uchaguzi za majimbo hayo. Niko tayari kuzipigia simu ofisi hizo mimi mwenyewe, siku ninazopumzika, na kukuletea majibu.

Wako msomaji,
Dereva wa masafa marefu, Marekani